Injini Iliyoruka Mapigo

Mwanaisha alinipigia simu nikiwa kazini hapa Houston, katikati ya kelele za mashine za kusukuma gesi, kwa hiyo niliona jina lake kwenye simu kabla sijasikia mlio wowote. Nilitoka nje nikavua viziba masikio. Baba yake, Mzee Athmani, alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Habari zilinifikia akiwa ameshazikwa, maana wenzetu Waislamu hawacheleweshi maziko, nami nikatuma ujumbe wa pole, mistari mitatu, nikajiona nimemaliza. Sijivunii jambo hilo. "Furaha, pole kukusumbua," Mwanaisha alisema. "Nyumba ya Euless tume-sell. Garage yote tumei-clean, imebaki tu ile engine ya Baba. Kuna mtu wa vyuma anakuja Monday, lakini Mama amekataa iguswe mpaka wewe uje. Na kuna daftari pia. Amesema uje ulione." Nilimjibu kuwa nitafika Jumamosi. Baada ya kukata simu nilisimama juani muda mrefu kuliko joto la Houston linavyoruhusu, kwa sababu injini ile niliivunja mimi, na kwa aibu hiyo nilikuwa sijakanyaga gereji ile kwa karibu miaka ishirini.

Mwaka nilipoivunja nilikuwa na umri wa miaka ishirini. Habari za Uvira, mji wetu tulioukimbia, na za kambi ya wakimbizi nitaziacha. Wengi wameshazisimulia, na wengine vizuri kuliko nitakavyoweza. Chukua hili moja tu: baba yetu alikuwa na kinu cha kusagia mihogo na mahindi, na ukuta wa chumba tulicholala mimi na dada yangu ndio uliokuwa ukuta wa kinu. Mdundo wa injini ukikaa sawa, nyumba nzima ilikuwa na amani. Ukiruka hata mara moja, baba aliacha sahani akakimbia. Huko Euless, mji mdogo kaskazini mwa Houston, nilikaa na dada huyo, Yaya Feza, maana kwetu dada mkubwa ni Yaya, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, karibu mno na uwanja wa ndege. Ndege ikipita mnanyamaza wote, kisha mnaendelea na maneno pale mlipoyaachia. Yaya alifanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo na kulala mchana, dirisha kaliziba kwa blanketi. Nilijifunza kukaanga ndagala, dagaa wa kwetu, kwa moto mdogo ili mafuta yasimwamshe, na kuosha masufuria kana kwamba ni mayai. Hata leo nikiingia jikoni kwangu natembea kwa vidole, na mume wangu hucheka.

Mimi nilifua mashuka katika hoteli moja jirani na uwanja. Mzee Athmani, mtu wa Mombasa, kofia yake ya kudarizi haitoki kichwani, aliendesha basi dogo la hoteli hiyo, na kila asubuhi alikuja kwetu kuchukua taulo za kufutia vioo. Siku moja alinikuta nimeweka kiganja juu ya mashine ya kukaushia namba tatu, macho nimefumba. "Wafanyani, binti?" aliuliza. Nikamwambia, "Papa, hii machine iko mugonjwa. Beringi yake iko nakufa. Haitamaliza hii wiki." Alicheka sana. Kwetu mzee wa heshima ni Papa, lakini kwao Pwani papa ni samaki mwenye meno, na hakuwahi kuacha kunitania kwa hilo. Alhamisi mashine namba tatu ilikata roho na shuka kumi na mbili tumboni. Ijumaa akarudi bila kuomba taulo. "Wewe wasikia mashine," alisema. "Mimi nna moja nyumbani, haisemi kabisa. Njoo kesho. Mke wangu yupo, atakupa chai."

Nilitembea dakika arobaini kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, magari yakinipigia honi kama mbuzi aliyepotea. Bi Zuhura, mkewe, alinipokea kwa mahamri na mbaazi za nazi, na sikuruhusiwa kuona injini mpaka sahani imekuwa tupu. Mlango wa jikoni ulifunguka moja kwa moja kwenye gereji. Pale, juu ya magogo mawili yaliyofungwa sakafuni kwa bolti, palikuwa na silinda moja iliyolala, nene kama shina la mti, na magurudumu mawili mazito ya chuma yaliyonifika mbavuni. Yote yalikuwa kutu tupu. Mzee aliinunua kwenye mnada wa shamba moja la zamani, ambako ilikuwa ikipampu mafuta kisimani huku ikiendeshwa na gesi ya kisima hichohicho. Kibao cha jina kilishang'oka. "Miaka thalathini naendesha magari," aliniambia, "na siku moja nikajiuliza: yule mtu wa kwanza, aliyekuwa hana wa kumuiga, aliwazaje? Sijui. Basi nataka niwaze kama yeye."

Hapo ndipo alipotoa daftari. Lilikuwa kubwa, jalada jeusi, na kila ukurasa aliugawa sehemu mbili: juu aliandika Nakisia, katikati Nimeona. Sheria yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa ngumu kama yeye. Hufungui kifaa chochote, wala husomi habari zake popote, mpaka uandike kwanza unavyodhani kinafanya kazi gani, utie sahihi. Kisha unafungua, unaangalia, unaandika ulichokiona, na unatia sahihi tena. "Ukitazama jibu kwanza, utasema ulilijua tangu zamani," alisema. Mwanzoni nilimwona mzee msumbufu. Mimi mtoto wa kinu, nilizoea kufungua kwanza na kuuliza baadaye. Lakini daftari lilininyoosha. Vali ya kuingizia gesi, kwa mfano, haikuwa na fimbo ya kuisukuma. Niliandika: nakisia, fimbo imepotea. Tukaitafuta fimbo hiyo wiki mbili katika makopo ya skrubu. Jumamosi ya tatu, mzee akizungusha gurudumu polepole kwa mkono, niliona vali ikifunguka yenyewe, bila kuguswa na mtu. Pistoni ilipokuwa inarudi nyuma ilikuwa inafyonza, na ule mfyonzo wake ndio ulioivuta vali. Fimbo haikupotea; haikuwahi kuwapo. Nilipiga ukelele, Bi Zuhura akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani nimebanwa kidole.

Kuna jambo jingine la mwaka ule ninalolipenda kuliko vyeti vyangu vyote. Mzee alikuwa na mchoro wa injini ya zamani zaidi kuliko yetu, aliouchapisha maktaba. Katika injini hiyo gesi na hewa viliingia, pistoni ikafika katikati ya safari, moto ukawashwa. Basi. Ilifanya kazi, lakini ilikunywa gesi kama mlevi na nguvu yake ilikuwa haba. "Walikosa nini?" aliniuliza, akakataa kusema zaidi. Wiki nzima nilikunja mashuka nikiwaza. Jumatano, kijana wa mapokezi alikuwa anajaza upepo baiskeli yake nyuma ya hoteli, nikamwomba nishike pampu. Ilikuwa ya moto, kwa kubana upepo tu. Jumamosi niliandika: nakisia, walikosa kuibana gesi kwanza kabla ya kuiwasha. Mzee alisoma, ndege ikapita, tukasubiri, kisha akaita, "Zuhura! Njoo uone alichoandika mtoto huyu!" Ni kweli watu walishalivumbua jambo hilo zaidi ya miaka mia moja kabla yangu. Lakini hakuna aliyekuwa ameniambia, na kwa muda wa kikombe kimoja cha chai lilikuwa langu. Nilirudi nyumbani kwa miguu bila kusikia honi hata moja.

Nyumbani, hata hivyo, mambo yalikuwa mengine. Yaya Feza alishanitafutia nafasi ya mafunzo ya kuhudumia wazee, yatakayoanza mwezi wa tisa. Mimi nilikuwa na fomu ya chuo kimoja cha Arlington, kozi ya ufundi wa mashine, iliyoanza wiki hiyohiyo. Bila Yaya sikuwa na pa kulala wala wa kunipeleka chuo kwa gari, kwa hiyo neno lake ndilo lilikuwa neno. Mzee Athmani alikuja na Bi Zuhura kuniombea ruhusa. Walikaa kwenye kochi letu lililozama katikati, wakanywa chai, na Yaya, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akawajibu kwa heshima: "Papa, Mama, mimi sikatai. Lakini Furaha akitoka kwenu iko nanuka kutu, na mi sijaona kintu. Wazee bako wengi hapa, ile kazi haiishi. Siku ile machine ita-tourner, itazunguka, muniite. Mi pia nimezaliwa kwa moulin, kwa kinu. Nikisikia iko muzuri, nitamuachilia." Yote yalitegemea masikio ya dada yangu.

Kufikia mwezi wa nane injini ilikuwa tayari. Haikuwa na cheche popote. Ilikuwa na kibomba kidogo cha chuma kama kidole, kimezibwa mwisho, ambacho unakichoma kwa moto kutoka nje mpaka kiwe chekundu. Gesi ikibanwa inasukumwa humo na kuwaka yenyewe. Gesi tuliitoa kwenye mtungi wa kuchomea nyama. Sehemu moja tu nilikuwa sijaifikia katika daftari: vyuma viwili vidogo ndani ya gurudumu, na kindoano kilichoungana navyo. Mzee alivisafisha peke yake siku za katikati ya wiki na kusema ukurasa wake utakuja. Asubuhi ya siku ya kumwonyesha Yaya nilikuwa nafagia gereji nikawasikia jikoni. "Mwambie mtoto," Bi Zuhura alisema. "Akiambiwa hatajua," mzee akajibu. "Atakuwa ameambiwa tu." "Na dadake yuaja leo! Leo si siku ya daftari, Athmani." "Ataniuliza mwenyewe. Yeye huuliza." Ufagio ulinikwama mkononi. Nilijua ni habari za chuo, kwamba Yaya keshakataa na wanaficha. Nami nikinuna huwa sisemi. Nilifagia pale palipokwisha kufagiwa, na sikumuuliza mtu neno.

Yaya alifika saa nane mchana, kavaa kitenge chake cha kanisani, kabeba sufuria ya sombe, kisamvu cha kwetu. Mzee alizungusha gurudumu mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu injini ikapiga: pah! Sijui nieleze vipi furaha ile. Chuma kilichokuwa kutu kilisema. Mzee akacheka kwa sauti, akaingia ndani kuleta viti na kumwita mkewe. Lakini baada ya ule mpigo wa kwanza haikupiga tena papo hapo. Magurudumu yalizunguka, fuu, fuu, fuu, fuu, kimya, kisha pah! Halafu kimya tena. Nilimtazama Yaya. Uso wake ulikuwa uso wa baba anapoacha sahani. "Furaha, hauko nasikia?" alisema. "Iko naruka. Hii machine iko mugonjwa." Na mimi nilisikia hivyohivyo. Niliinama nikaona kile kindoano: kila mara injini iliporuka, kindoano kilikuwa kimenasa fimbo ya vali ya kutolea moshi. Basi ugonjwa ni huu. Mezani palikuwa na ukanda wa mpira wa tyubu. Mtu wa kwetu akiona kitu hakikai sawa hukifunga kwa mpira wa tyubu, iwe mzigo wa baiskeli, mpini wa jembe au bomba la kinu. Nilikivuta kindoano nyuma nikakifunga, mizunguko mitatu, fundo. Sikuandika. Sikukisia. Nilijua.

Pah, pah, pah, pah, bila kuruka hata mpigo mmoja. Yaya akatabasamu. "Sasa iko fresh," alisema, na nilimwona akinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu tutoke nyumbani. Furaha hiyo nilikuwa nayo labda sekunde kumi. Kisha mapigo yakaanza kukimbizana. Maji ya kupoza yaliruka nje ya tangi lake, magogo yakaanza kucheza juu ya bolti, vumbi likatuanguka kutoka darini. Nilinyoosha mkono kukifungua kile kindoano, Yaya akanivuta kwa nyuma ya blauzi. Mzee Athmani alitoka jikoni akikimbia, akaangusha viti, akapita injini moja kwa moja mpaka kwenye mtungi, akafunga gesi. Injini ilichukua muda mrefu kufa. Ilipotulia, ufa ulikuwa umetoka kitovuni mwa gurudumu la kulia, umefuata mkono wake mmoja mpaka karibu na ukingo. Lingepasuka kabisa, vipande vyake vingetuua sote watatu.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonivunja. Alikaa juu ya kiti kilichoanguka, kofia imepinda, akatueleza taratibu. Injini ile haikuwa na kazi ya kufanya mchana ule, kwa hiyo haikuhitaji gesi. Mwendo ukitosha, vile vyuma viwili ndani ya gurudumu hufunguka, kindoano hunasa fimbo, vali ya moshi hubaki wazi, na injini huzunguka bure bila kufyonza chochote. Mwendo ukipungua, kindoano huachia, ikala tonge moja, ikapiga, ikapumzika tena. Watu wa zamani waliibuni iruke makusudi; mimi, kwa kukifunga kindoano, nilikuwa nimeizuia kupumzika. Kisha akanipa daftari. Niliandika: nakisia, inaumwa. Nimeona, haikuwa inaumwa. Sahihi yangu ya siku hiyo haisomeki, machozi yaliilowesha.

Yaya aliendesha gari mpaka nyumbani. Alizima gari, akabaki ameshika usukani. "Ile machine," alisema, "iko natumika saa kazi iko. Kazi ikikosa, iko napumuzika?" Nikasema ndiyo. "Na kuna mutu alikaa akafikiri hivyo? Mutu muzima?" Nikasema ndiyo. Aliwaza. "Kule kwa ghala, kazi ikikosa, banatuambia tufagie." Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka, mpaka akafuta macho kwa kitenge. Kisha akageuka. "Nitaisikia tena lini hiyo machine, imepasuka? Haiwezekani, eh? Basi enda usome hiyo. Uniambie mengine walifikiri." Nikamkumbusha kuwa nimeivunja. "Ni mimi nilikuambia iko mugonjwa," akasema. "Tushuke, sombe yangu nimeisahau kwao."

Ndivyo nilivyokwenda chuo, na ndivyo nilivyofika Houston, na mashine ninazozitunza leo ni kubwa kuliko nyumba tuliyopanga Euless. Kila Idi nilimpigia mzee, na kila Idi alisema, "Njoo, daftari lipo." Nilimwahidi. Kisha nilikumbuka ule ufa, nikapata udhuru. Nilidhani akiniona atauona ufa, na mimi sikutaka kuwa ufa wake. Miaka ikaenda hivyo, kijinga kabisa.

Jumamosi nilitoka mapema, mwendo wa saa nne, nikivuta trela huku nikijidanganya kwamba bado sijaamua kuichukua injini. Gereji ilikuwa tupu na kubwa kuliko nilivyoikumbuka. Injini ilifunikwa shuka, tena shuka la hoteli, nililitambua kwa upindo wake. Mwanaisha alilivuta. Nilipiga magoti kwenye gurudumu la kulia. Mzee alikuwa ameutoboa ule ufa tundu moja moja, akaziba kila tundu kwa kijipini cha chuma, kimoja kikipandiana na chenzake, mstari mzima, kama anayeshona kanzu. Kazi hiyo haifanywi kwa wiki moja. Bi Zuhura, sasa mzee, aliletewa kiti mlangoni. "Alikuwa akikungoja," alisema, akanipa daftari. "Mimi nilimwambia akwambie. Alikuwa kichwa kigumu."

Nilitafuta ukurasa wa siku ile. Kabla ya ule wangu palikuwa na wake, ambao sikuwahi kuuona. "Jumamosi asubuhi, kabla ya wageni. Nakisia: Furaha akisikia injini inaruka atadhani inaumwa, kwa sababu ya kinu cha kwao. Ataniuliza." Na chini, kwa wino mwingine: "Nimeona: hakuuliza. Ningemwambia. Gurudumu nimelivunja mimi, si yeye." Nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Nilimkasirikia nikiwa nimepiga magoti mbele ya mashine yake, kwamba alijua na akaniacha nibebe peke yangu. Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho. Mwandiko ulikuwa umeanza kutetemeka. "Nakisia: Furaha haji kwa sababu amegundua kuwa nilijua nikanyamaza. Ana haki ya kukasirika." Sahihi. Chini yake, Nimeona, na mbele ya neno hilo patupu, hapakuandikwa kitu.

Nilimwomba Mwanaisha kalamu. Ndege ikapita juu ya nyumba, sote tukanyamaza mpaka ilipokwisha. Niliandika kwenye ile nafasi, kwa herufi kubwa, kana kwamba macho yake ya uzeeni bado yangesoma: "Hakugundua. Alikuwa anaona haya kwa ajili ya gurudumu. Alidhani wewe ndiye uliyekasirika." Nikatia sahihi, maana kwa Papa Athmani ukurasa usio na sahihi haujaandikwa.